Mitropa ililitangulia Kombe la Ulaya

Ndugu, umeuliza iwapo Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, lililoanza mwaka 1955, ndilo lililokuwa la kwanza kukutanisha klabu za mataifa tofauti. La hasha. Mwaka 1909, mfanyabiashara wa chai Thomas Lipton alitoa kombe lililoshindaniwa Turin na kutwaliwa na West Auckland, timu ya ridhaa ya wachimba makaa wa Uingereza, ambayo mwaka 1911 ilirudi na kuichapa Juventus mabao 6-1 katika fainali. Hayo, hata hivyo, yalikuwa mashindano ya mwaliko tu.

Kwa maoni yangu, mwanzo halisi ni Kombe la Mitropa la mwaka 1927, lililoasisiwa kwa juhudi za Hugo Meisl, kiongozi wa soka wa Austria, kwa kuwa klabu za Austria, Hungaria, Chekoslovakia na Yugoslavia zilicheza nyumbani na ugenini, utaratibu ambao mashabiki wa leo wanaujua vizuri. Katika fainali ya kwanza, Sparta ya Praha iliilaza Rapid ya Vienna 6-2 nyumbani, ikafungwa 2-1 ugenini, na kulibeba kombe kwa jumla ya mabao 7-4.