Maswali na majibu: Mbwa wa kuanzia kazi ya ufunzaji

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa vijana wanaotaka kuishi kwa kufunza mbwa wa watu. Nimechagua zile zinazouliza waanze na mbwa gani. Wanaotaka kujua bei wamuulize muuzaji.

Mwalimu, mbwa gani ni mzuri? (Wengi, kila mara)

Mzuri kwa kazi gani, aishi wapi, abaki na nani mchana? Nimeshasema mara nyingi kwamba swali la namna hii halijibiki. Andika upya ueleze una uwanja au chumba kimoja cha kupanga, unaweza kutenga kiasi gani kwa mwezi cha chakula na daktari wa mifugo, na unataka kufundisha nini. Barua isiyo na hayo naiweka kando.

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23, nipo Kibaha. Nimeacha bodaboda ili nianze kufunza mbwa. Kuna mtu ananipa malinoa wa miezi mitatu, nitamlipa kidogo kidogo. Wenzangu wanasema huyo ndiye mbwa wa polisi, nikimfunza vizuri wateja watakuja wenyewe. Nimchukue?

Marahaba, mdogo wangu. Usimchukue, na kwa mkopo ndiyo kabisa usimguse.

Malinoa ni mbwa wa kuchunga mifugo, asili yake pande za Mechelen, Ubelgiji. Kwa vizazi vingi wafugaji wamekuwa wakimchagua mwenye mbio, anayeng'ang'ania kitu kwa meno na asiyechoka kutafuta kazi. Polisi na majeshi wanampendea hayo hayo. Lakini mbwa wa polisi ana askari wake na ratiba ya kila siku, na askari huyo naye ana mkubwa wake anayesimama pembeni kumwambia wapi amekosea. Wewe Kibaha utaambiwa na nani?

Angalia linalomkuta mtu anayeanza. Unataka mbwa akae. Mkono wako unaingia mfukoni kuchukua kipande cha nyama kabla neno "kaa" halijakutoka mdomoni. Umewahi kwa nusu sekunde tu. Mbwa mtulivu hilo halimsumbui; mtarudia na kurudia, wewe utajirekebisha na yeye ataelewa. Malinoa keshauona ule mkono mara mbili, na mara ya tatu anaurukia mfuko. Unamkemea, anapanda moto, anakamata mkono wa shati. Tayari amejua kwamba somo linaanza kwa kuuma, na wewe unamtafuta mkosaji upande usio wake. Akifika miezi minane anakimbiza kila pikipiki inayopita, kwa sababu kukimbiza kinachokimbia ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Mwisho wake ni mnyororo mfupi nyuma ya nyumba, anazunguka mpaka ardhi inakauka nyasi. Mbwa wa namna hiyo nimewakuta katika nyumba nyingi mno, na kila mara mwenye nyumba ananiambia kwamba mbwa ndiye mbaya.

Hizo video zinazokuvutia zinaonyesha dakika moja ya kazi iliyochukua miaka. Usinunue mbwa kwa sababu ya video.

Mtafute mbwa wa mwaka mmoja hadi mitatu, anayependa watu, asiye na historia ya kuuma, na juu ya yote anayependa kula. Mbwa mzima unamwona alivyo. Tabia yake imeshajitokeza, na kama ni wa aina kubwa unaweza kumpeleka apigwe eksirei ya nyonga kabla hujatoa pesa. Mtoto wa mbwa hukuficha yote hayo. Kupenda kula si jambo dogo katika kazi yetu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza hitilafu katika jeni iitwayo POMC inayowafanya baadhi ya labrado wawe na uchu mkubwa wa chakula. Hitilafu hiyo waliikuta zaidi kwa labrado walioteuliwa kusaidia watu wenye ulemavu. Mbwa anayefanya kazi kwa chakula anakupa nafasi ya kurudia somo mara nyingi bila ugomvi, na wewe unayeanza unahitaji marudio kuliko yeye.

Jambo jingine ambalo hukuuliza: si lazima umiliki mbwa kwanza. Omba kuwatembeza mbwa wa majirani, kila mmoja kwa muda wake. Mtu aliyefunza mbwa mmoja tu anamjua yule mmoja. Na urudi kwenye bodaboda mpaka upate wateja wa kueleweka.

Habari mwalimu. Niko Machakos. Mbwa wa kienyeji anafunzika kweli ama ni kupoteza wakati?

Njema. Anafunzika, na kwa wengi wenu ndiye chaguo sahihi kuliko hao wa kununuliwa kwa pesa nyingi. Ana nywele fupi, joto halimsumbui, chakula chake hakikufilisi, na umbo lake halikuharibiwa na watu waliotaka mgongo ulioinama au pua iliyobonyea. Wanaomdharau mara nyingi hawajawahi kumpa hata somo moja. Wamempa mnyororo na mabaki ya ugali, kisha wanashangaa kwamba hajui kitu.

Tahadhari ni hii: angalia alikolelewa. Uchunguzi wa John Paul Scott na John Fuller kule Bar Harbor, Marekani, ulionyesha kwamba kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi mtoto wa mbwa ndipo anapozoea watu na mambo ya dunia. Asiyeguswa na binadamu kipindi hicho huwaogopa maisha yake yote, hata umlishe vipi. Kwa hiyo aliyelelewa kwenye nyumba yenye watoto si sawa na aliyelelewa dampo. Wa dampo mwachie mwenye uzoefu.

Ukimpata wa kumtazama, nenda na maini yaliyochemshwa, umeyakata vipande vidogo kama punje ya hindi. Chuchumaa ubavu ubavu, usimkazie macho. Akija amenyoosha shingo huku miguu ya nyuma imebaki kule alikokuwa, huyo anaogopa, na mwenye kuogopa akibanwa huuma. Akija mwili mzima, mkia umelegea, akakunusa viatu na kuchukua nyama taratibu, endelea.

Sasa dondosha funguo kwenye sakafu ya saruji. Karibu kila mbwa atashtuka, usimhukumu kwa hilo. Tazama anavyorudi. Anayerudi mwenyewe baada ya muda mfupi kuzinusa zile funguo ana moyo wa kazi. Anayejificha nyuma ya banda mpaka unaondoka, mwache.

Mwisho mwombe mwenyewe mtoke naye kwa kamba hadi barabarani, umpe maini yale yale. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Mbwa aliyekula vizuri uwanjani kisha akakataa nyama kando ya barabara hajashiba. Hofu imemfunga koo, na mbwa asiyeweza kula mahali hawezi kujifunza mahali hapo. Akila, akakutazama usoni kuomba kingine huku matatu zinapita, zungumza na mwenyewe siku hiyo hiyo. Ukishamchukua, mpeleke kwa daktari apate dawa ya minyoo na ya kupe pamoja na chanjo. Ukienyeji si kinga ya kichaa cha mbwa wala ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua watoto wa mbwa.

Dume au jike?

Yeyote. Jike hupata joto, yaani hutaka dume, takriban kila miezi sita na hukaa hivyo kama wiki tatu, basi usimpeleke kwenye mbwa wengine siku hizo.

Muuzaji ana cheti cha ukoo chenye mhuri. Hiyo inatosha?

Cheti kinakuambia wazazi ni nani. Hakikuambii kama mama yake anatetemeka mgeni akiingia. Nenda ukamwone mama. Muuzaji asiyetaka umwone mama wa watoto, ondoka hata kama umeshalipa nauli. Na wanaobebwa kwenye maboksi kando ya barabara, macho ndiyo kwanza yamefunguka vizuri, msiwanunue kwa huruma. Mtoto akae na mama yake hadi wiki nane. Kila mmoja mnayemnunua mapema anamfanya muuzaji awaondoe wengine mapema.

Assalamu alaykum. Niko Tanga. Nataka kufunza mbwa wa ulinzi lakini mama hataki kwa sababu ya najisi, na majirani wananuna. Nichague mbwa gani?

Wa alaykumu salaam. Hukumu ya dini muulize shehe wako. Mimi nazungumzia kazi. Kumfunza mbwa si jambo geni katika Uislamu, aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida inazungumzia kitoweo kilichokamatwa na wanyama wa kuwindia waliofunzwa. Lakini watu wa pwani wengi ni Shafii, na kwao mahali palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mfunzaji anayelipuuza hilo hafai kufanya kazi Tanga.

Basi chagua mbwa asiyedondosha mate. Boaboeli na mastifu wenye midomo iliyolegea waache, hata mtu akikupa bure. Chukua wa wastani, mwenye nywele fupi. Husky na wale wa pua bapa watateseka kwa joto la huko. Somo lake la kwanza liwe kutomrukia mtu, kabla ya kukaa na kabla ya kulala chini. Mbwa akiacha alama ya miguu kwenye kanzu ya mzee anayekwenda msikitini, umeharibu mtaa mzima. Tenga nguo za kazi, weka bomba la maji nje, banda liwe mbali na kamba ya kuanikia nguo, na saa za swala pita njia nyingine.

Mama yako akiendelea kukataa, kodisha mahali pengine. Usimwingize mbwa nyumbani kwake kwa nguvu. Atapigwa siku ambayo haupo, na utamkosea mama na mbwa pia.

Nimepewa watoto wawili wa tumbo moja, niwafunze pamoja ili wasiwe wapweke?

Hapana. Watasikilizana wao, wewe utakuwa mgeni. Mmoja mtafutie nyumba.

Nafanya kazi kwenye kampuni ya ulinzi. Msimamizi anasema mbwa wapewe pilipili na wafungiwe gizani mchana ili wawe wakali. Na mimi mwenyewe nataka ninunue mbwa mwenye ukali wa asili nianze naye. Unasemaje?

Nasema mwache huyo msimamizi asiguse mbwa. Pilipili inaunguza tumbo na haimfundishi mbwa chochote. Giza linamtoa mbwa anayeogopa kila kitu, na anayeogopa kila kitu humbwekea kila kitu, mpaka mlinzi anaacha kumsikiliza. Siku ya siku atamuuma mlinzi. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mateso hayo si haki ya mwajiri wako.

Huo mnaouita ukali wa asili mara nyingi ni woga. Tazama mbwa wanaofunzwa Usa River karibu na Arusha, katika mradi wa shirika la uhifadhi la African Wildlife Foundation ulioanza 2014, wanaonusa pembe za ndovu bandarini na viwanja vya ndege. Wanapita katikati ya abiria na wapagazi bila kumuuma mtu, na malipo yao ni kuchezeshwa. Mbwa mzuri wa geti hubweka akiona mgeni na hunyamaza akiambiwa. Kunyamaza ndiko kugumu kufundisha, na mbwa uliyemtia wazimu kwa pilipili hafundishiki hilo.

Mzee mmoja hapa Mwanza ananipa bure rotiwela wa miaka minne. Ameshauma watu wawili, wa pili mtoto wa jirani, wiki hii. Nimchukue nijifunzie?

Hapana. Mbwa aliyeuma mara mbili ni kazi ya mtu mwenye miaka mingi kwenye fani, mwenye banda imara na mwenzake wa kumsaidia. Wewe utamwongezea wa tatu.

Lakini swali lako lina jambo kubwa kuliko hilo. Je, mtoto amepelekwa hospitali? Jeraha la mbwa huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huenda kupata chanjo ya kichaa. Hata kama siku zimepita, aende sasa. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mbwa naye asihamishwe. Afungiwe hapo hapo alipo, aangaliwe siku kumi, na kadi yake ya chanjo itafutwe. Ukimchukua leo ukaenda naye kwako, hakuna atakayejua kama aliugua au alikufa. Mwambie huyo mzee amwite daktari wa mifugo leo, na wewe pita kwa wazazi wa mtoto uwaulize kama amechomwa sindano ya kwanza.