Maswali Yenu ya Burudani: Muziki Umekufa? Na Komedi Je?

Meseji za mwezi huu zinabishana zenyewe kwa zenyewe, huyu anasema muziki umekufa, yule anasema ndo kwanza umekua. Tumechagua nne, na maoni yetu tutayasema wazi.

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mimi nimekulia Temeke na nyimbo za Juma Nature na kundi la Wanaume. Sikuhizi ni mapenzi na viuno tu, ujumbe hakuna, afu biti zote amapiano. Watoto wangu wananiambia nimezeeka. Nani yuko sahihi? – *Baba Watatu, Temeke*

JIBU: Shikamoo Baba Watatu. Hoja unayo ila sio yote. Enzi zile msanii alikuwa na nafasi ya kuongea, ulinunua kaseti nzima ukasikiliza upande A mpaka B, kwa hiyo rapa Professor Jay alipotoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001 aliweza kukusimulia stori yenye mwanzo na mwisho na wewe umetulia, na maneno ya marapa hao yalikuwa na uzito kweli maana mwenzake Sugu aliingia bungeni 2010 kwa Mbeya Mjini na Jay akafuata 2015 kwa Mikumi, watu wale wale ambao wazazi wengi walikuwa wanawaita wahuni. Leo wimbo unatakiwa umkamate mtu sekunde za mwanzo kabisa, kidole kikipandisha tu kwenye simu umeshampoteza, sasa vesi ya pili aiandike ya nini? Hapo ndo na mimi naumia, vesi zimekuwa fupi mno na kiitikio kinarudiwa mpaka basi.

Lakini ujumbe haujafa. Machi 2017 rapa Nay wa Mitego alikamatwa na polisi kwa ajili ya wimbo, mpaka Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo uendelee kupigwa. Mtu hakamatwi kwa wimbo usiosema kitu. Na amapiano ni kweli imetoka Afrika Kusini, ila hata rap uliyokulia haikuzaliwa Temeke, Saleh Jabir mwanzoni mwa miaka ya 90 alichukua biti ya Mmarekani akaiimbia Kiswahili na watu wakafurahi. Afu nyimbo mbovu zilikuwepo nyingi tu mwaka 2002, redio zimezisahau zikabaki zile kali, sasa ukichukua kali za zamani ukazilinganisha na kila kinachotoka leo hao watoto lazima waone unawaonea.

Ukitaka stori za mtaani kaa na singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini. Msikilize Msaga Sumu au Man Fongo, mwendo wake unapita midundo 200 kwa dakika kwa hiyo mara ya kwanza utasikia kelele, ila vumilia, maisha ya uswahilini yote yamo humo, mapenzi, majungu, shida za hela, na hiyo hatujaazima kwa mtu, imezaliwa Dar es Salaam.

SWALI: Mimi na shoga yangu hatusemezani sababu ya Diamond na Alikiba. Tuamulieni. – *Dada wa Kisauni, Mombasa*

JIBU: Dada, kwa sauti mimi nampa Alikiba, akiimba taratibu hakuna wa kumgusa. Kwa kuutoa muziki wetu nje nampa Diamond, ile kolabo na Davido ilifungua njia na wengi wakapita humo humo, akiwemo Rayvanny aliyechukua tuzo ya BET 2017. Kwa hiyo wote wawili mnasema kweli. Kinachonikera ni hizi timu, mtu anaamka asubuhi anamtukana mama mzazi wa msanii asiyemjua hata siku moja. Mpigie shoga yako leo.

SWALI: Nipo Maskati kikazi, jioni tunaangalia klipu za komedi kwenye simu na sicheki. Orijino Komedi ilikuwa inanivunja mbavu. Mwenzangu Mkenya anasema hamna kama Vitimbi ya Mzee Ojwang. Tatizo ni sisi au komedi? – *Mdau, Oman*

JIBU: Kaka, tatizo sio nyie. Joti, Masanja, Mpoki na wenzao wa Orijino Komedi walianzia EATV wakahamia TBC, na pale palikuwa na kundi zima, kila mtu na mhusika wake, wiki nzima wanapika kitu kinachohusu mambo yanayoendelea nchini, wewe unakaa na familia unasubiri. Klipu ni mtu mmoja au wawili, dakika moja, kanga kichwani, kofi, imeisha. Mhusika hapati mda wa kukua. Ojwang ulimjua kama jirani yako, ukimuona anaingia tu mlangoni umeshacheka kabla hajasema neno, na Mzee Majuto wetu wa Tanga alikuwa hivo hivo, uso wake peke yake ulitosha, Mungu awarehemu wote.

Kingine kilichopungua ni ujasiri. Wachekeshaji wa Redykyulass kule Kenya walimuigiza Moi akiwa bado rais! Sikuhizi mchekeshaji anamcheka mama ntilie, anamcheka mlemavu, anamcheka mtu wa kijijini, wakubwa hawagusi kabisa, na hilo kwangu ndo kubwa kuliko urefu wa klipu. Wapo wanaonipa moyo, vijana wa Cheka Tu wanasimama jukwaani na maiki tu na watu wanalipa kiingilio, hiyo kazi ni ngumu na inataka kuandika. Watafute hao.

SWALI: Tangu afe Kanumba Bongo Movie imekufa, kubali kataa. – *Nyegezi, Mwanza*

JIBU: Nakataa. Muigizaji Kanumba alifariki Aprili 7, 2012 na nchi ililia kweli, pengo lake lipo mpaka leo, ila ugonjwa ulikuwepo yeye akiwa hai. DVD mbili zinauza kuliko moja, kwa hiyo stori ya saa moja ilivutwa mpaka Part 2, tukaangalia gari linaingia getini, mtu anashuka, anapanda ngazi, anaongea na simu, na huku mtaani zinauzwa kopi za wizi. Hela ikahamia kwenye tamthilia za chaneli za Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo na waigizaji wengi wakaenda huko huko. Na kazi nzito bado zinatoka, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto 2021.

Tunapofeli ni maongezi, wahusika wanaongea kama wanasoma barua ya ofisi. Halafu tunashangaa watu kujaa kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea filamu mtaani, kumsikiliza mtafsiri Lufufu, au Wakenya kumpenda DJ Afro, wakati wale wanachukua picha la Kichina au la Kihindi na kulijaza Kiswahili cha watu wanavyoongea kabisa. Mwandishi wa skripti akakae pale nyuma kwenye benchi, asikilize.