Meno Yanayong'oka Kabla ya Wakati Wake

SWALI: Asalaam aleikum, daktari. Binti yangu ana miaka minne. Meno manne ya utoto yameshang'oka, ufizi unatoa usaha, na tangu ana mwaka mmoja viganja na nyayo zake ni ngumu, zina magaga. Daktari wa meno ametaja ugonjwa wa jeni ya CTSC. Mume wangu ni mtoto wa ami yangu. Je, mtoto amekosa kalsiamu? Na nikipata mwingine?
Mama wa Kisauni, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Kalsiamu haihusiki. Meno yenyewe ni mazima. Kinacholika ni mfupa unaoyashika, ndiyo maana kwenye picha ya eksirei huonekana kama yanaelea.

CTSC, iliyo kwenye kromosomu ya 11, ndiyo jeni ya kathepsini C, kimeng'enya kinachokata protini ndani ya seli. Seli nyeupe za damu zina vimeng'enya vingine vya kupambana na bakteria, ambavyo huzaliwa na asidi amino (vijenzi vya protini) mbili za ziada, mithili ya kisu kilichomo alani. Kathepsini C ndiyo huchomoa kisu. Isipofanya kazi, bakteria hustawi kwenye ufizi. Papillon na Lefèvre, madaktari wa Ufaransa, waliueleza ugonjwa huu mwaka 1924. Jeni ikajulikana 1999.

Sasa kinywa. Meno yasafishwe kitaalamu chini ya ufizi mara kwa mara, na daktari huweza kuongeza antibiotiki, amoksilini pamoja na metronidazoli. Tetrasaiklini asipewe kabla ya miaka minane, hutia meno ya ukubwani madoa. Klorheksidini, dawa ya kuua bakteria kinywani, ya asilimia 0.2 mpake kwa kitambaa safi, maana mtoto wa umri huo humeza. Usiipake papo hapo baada ya dawa ya meno: povu lake huidhoofisha. Subiri nusu saa.

Wazazi wengi hukosea hapa: meno ya utoto yakiisha, ufizi hupona kabisa, nao huacha kliniki. Utulivu huo ni wa muda tu. Jino la kwanza la ukubwani huchomoza karibu na miaka sita, na bakteria waliosalia hulirukia. Kwa hiyo daktari akitaka kung'oa mapema meno ya utoto yaliyolegea, mkubalie, ijapokuwa inauma kumwona mtoto kibogoyo.

Nyayo ziloweke dakika 15, sugua taratibu kwa jiwe, kisha krimu ya urea ya asilimia 10. Mafuta ya nazi hulainisha tu, hayapunguzi unene. Wembe, hapana.

Kuhusu mwingine: kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa huu, maana yaelekea wewe na mumeo mna nakala mbovu moja ya jeni hii kila mmoja, labda kutoka kwa babu mmoja. Msidhani kwamba aliyeugua mmoja, watatu wafuatao wamesalimika. Hesabu huanza upya. Thibitisheni kwa damu iliyowekwa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, isigande, na jeni nzima isomwe, kwa kuwa kasoro hutofautiana baina ya koo.

Akipata homa na maumivu chini ya mbavu za kulia, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo: baadhi ya wenye ugonjwa huu hupata jipu la ini.