Nioke Jumatatu, harusi Jumamosi: keki ikae friza?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naoka nyumbani hapa Tanga. Nimepata oda ya keki ya harusi ya ngazi tatu, inachukuliwa Jumamosi asubuhi, juu wanataka fondanti, ile sukari laini inayosukumwa kama chapati. Kuoka na kupamba kwa pamoja siwezi, niko peke yangu. Nikioka Jumatatu nikaweka friza, na batakrimu nayo nikaipiga mapema, havitaharibika? Keki niliyowahi kuilaza friji siku tatu ilikauka, na nyingine fondanti ilitoa jasho hadi rangi zikachuruzika.

JIBU: Marahaba. Oka Jumatatu bila wasiwasi. Iliyokukaushia keki ni friji. Wanga wa keki hukakamaa upesi zaidi kwenye nyuzi 4 za friji kuliko hata mezani. Kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, hali hiyo karibu isimame kabisa.

Acha keki ipoe mpaka ukishika kitako chake husikii joto. Funga kila moja kwa nailoni ya chakula mara mbili, ukibana hewa yote itoke, kisha foili. Ilaze bapa juu ya trei mpaka igande. Na kama friza ndiyo hiyo hiyo ya changu na kamba, hamisha samaki kwanza, maana siagi hushika harufu kuliko unavyodhani. Umeme ukikatika usifungue mlango: friza iliyojaa hushika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Nafasi zilizobaki jaza chupa za maji.

Alhamisi usiku ishushe friji ikiwa bado imefungwa, na usiifungue mpaka Ijumaa asubuhi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hewa ya pwani imejaa mvuke, na mvuke hutua kwenye chochote cha baridi. Afadhali utue juu ya nailoni. Ijumaa, keki ikiwa ya baridi lakini kisu kinapita, weka krimu ya katikati na upake ile ya kwanza ya kushika makombo. Makombo yatakuwa machache kuliko ulivyozoea. Ila usipake keki iliyo ngumu kama ilivyotoka friza: ikiyeyuka hutanuka, hewa ya ndani hutafuta njia, na jioni utakuta krimu imetuna ubavuni au imepasuka.

Batakrimu ya siagi na aisingi shuga hukaa friza hata miezi mitatu kwenye chombo kilichofunikwa vizuri. Nayo ishushe friji Alhamisi, kisha iache mezani mpaka kidole kizame, ndipo uipige. Ukiwahi kuipiga ikiwa ya baridi itakatika kama mtindi. Usiimwage! Chota vijiko vichache, pasha kidogo tu, rudisha, endelea kupiga, itaungana. Kastadi ya konfulawa usiigandishe, hutoa maji. Krimu ya maziwa iliyopigwa pia hunywea.

Fondanti isiingie friza. Sukari huvuta maji, na huo ndio uliokuwa mchuruziko wako. Ifunike keki Ijumaa alasiri, krimu ikiwa imekaza na baridi kali imeshatoka ndani. Ikitoa jasho, usiguse wala usifute. Washa feni uiache ikauke yenyewe. Ikibidi kuirudisha friji, itie kwenye boksi la katoni lililobandikwa selotepu, na ukiitoa iache humo humo mpaka ipoteze baridi. Maua mekundu na meusi yabandike Jumamosi, mwisho kabisa.

Ngazi zisafiri kila moja na boksi lake, ukazipange ukumbini. Mwambie mteja mapema kwamba meza ya keki isiwekwe juani wala karibu na taa kubwa za mpiga video, maana siagi huanza kulegea kabla ya nyuzi 30.