Nilijaribu kuiacha Arsenal mara mbili: jibu kwa ndugu wa Malindi

Assalamu alaikum, mdogo wangu wa Malindi. Swali lako nimelisoma jana usiku na leo asubuhi nikalirudia. Umesema Arsenal, timu yetu ya mpira ya Uingereza, umeipenda tangu shule ya msingi, tumemaliza ligi wa pili mara tatu mfululizo, 2023 hadi 2025, siku ya mechi huli wala husemi na mtu, na mkeo amefika mahali amekwambia nyumba haina raha kuanzia Agosti hadi Mei. Unauliza kama kuna mtu aliyewahi kuiacha timu akafaulu. Waliokujibu kabla yangu wamefanya mzaha. Mimi nitakujibu kwa yaliyonipata, kwa sababu nilijaribu mara mbili na zote nilirudi.

Mimi ni mtu wa Lamu, naendesha boti ya abiria baina ya mjini na Mokowe. Arsenal ilinishika kwa Kanu, yule mshambuliaji wa Nigeria. Tulikuwa vijana, tukasimuliwa jinsi alivyoingiza mabao matatu nyumbani kwa Chelsea katika robo saa ya mwisho, Oktoba 1999, timu ikiwa nyuma 2-0. Mwafrika, mrefu kama mlingoti, anamzunguka kipa na kupiga mpira kutoka pembeni kabisa. Baadaye akaja Lauren, akaja Kolo Touré, na msimu wa 2003/04 ukapita mechi 38 bila kufungwa hata moja. Kijana wa wakati ule ungemwambia nini?

Mara ya kwanza kuiacha ilikuwa 2011. Tarehe 28 Agosti tulipigwa 8-2 pale Old Trafford, kwa Manchester United. Nilitoka ukumbini Langoni, kule tunakotazamia mechi, nikasema basi. Septemba ikapita, Oktoba, Novemba, nikaona nimepona. Januari, usiku wa Jumatatu, nimelala, saa sita imeshapita, nikasikia kelele za ukumbini zinakuja juu ya mapaa hadi dirishani kwangu. Nilijua palepale kuwa ni Henry, mfungaji wetu wa zamani. Alikuwa amerudi kwa mkopo, akaingia kutoka benchi dhidi ya Leeds katika Kombe la FA, akafunga. Niliamka nikavaa kanzu nikaenda. Sikuwahi hata kuona marudio ya bao, nilikuta watu wanakumbatiana tu, nami nikakumbatiwa.

Mara ya pili ndiyo ninayotaka uisikie vizuri, kwa sababu naona unaelekea hukohuko.

Msimu wa 2022/23 nilinunua daftari. Nikapiga mistari kwa rula: mechi, uwanja, pointi zetu, pointi za Manchester City. Kila wiki najaza. Tuliongoza ligi siku 248 msimu ule, na hakuna timu katika historia ya ligi ya juu ya Uingereza iliyokaa juu muda mrefu hivyo ikamaliza bila kombe. Wakati ule sikulijua hilo. Nilichokijua ni kwamba tarehe 1 Aprili tuliifunga Leeds 4-1, tukawa na pointi 72 kwa mechi 29, na City 64 kwa mechi 28. Nane juu. Nikakaa barazani na kalamu nikazijaza mechi tisa zilizobaki. Anfield, kwa Liverpool, niliandika 1. West Ham 3, Southampton 3. Kwa City niliandika 0, ili mtu asije akasema najipendelea. Chelsea 3, Newcastle 1, Brighton 3, Forest 3, Wolves 3. Jumla 20. Tunamaliza na 92, kombe letu.

Sisi watu wa bahari twaijua Aprili. Kaskazi imechoka, kusi haijashika, ndiyo tangambili yenyewe. Upepo hugeuka bila kuaga, na nahodha mwenye akili haahidi mtu saa ya kufika. Hilo nililijua kwa chombo changu tangu utotoni. Kwa timu sikulitia maanani, ingawa Saliba, nguzo ya beki yetu, alikuwa ameumia tangu katikati ya Machi na hakuna safu katika daftari langu iliyoandikwa jina lake.

Mechi ya Anfield ilikuwa Jumapili, 9 Aprili, ndani ya Ramadhani. Kwetu ilianza saa kumi na mbili unusu, yaani magharibi ndiyo kwanza imeingia. Nilifungua kwa tende na maji, nikasali mbiombio, ile sala ambayo mtu anajua mwenyewe kuwa haikuwa sala. Kufika ukumbini Martinelli keshafunga. Jesus akaongeza la pili. Ukumbi ulikuwa kama harusi. Salah akarudisha moja kabla ya mapumziko, na wakati wa mapumziko ikaadhiniwa isha. Wenzangu kadhaa waliinuka wakaenda. Mimi nilibaki. Nilijiambia nitawahi tarawehe. Kipindi cha pili Salah akakosa penalti, nikasema Mungu ameandika. Kipa wetu Ramsdale akaokoa mpira baada ya mpira. Dakika ya 87 Firmino akapiga kichwa, 2-2.

Nikatoka. Njiani nikakutana na watu wanatoka msikitini, na mzee mmoja wa mtaani kwetu, mtu ninayemheshimu kama baba, akanishika mkono akaniuliza, "Hatukukuona kwenye safu. Kuna mgonjwa nyumbani?" Alikuwa anauliza kwa huruma kabisa. Nikamjibu, "La, mzee, hakuna mgonjwa." Akanitazama, akaniombea dua, akaenda zake. Ndugu yangu, lile swali liliniuma kuliko kichwa cha Firmino.

Na sasa angalia ajabu yake. Anfield nilikuwa nimeandika pointi 1, na pointi 1 ndiyo tuliyopata. Kwa hesabu yangu mwenyewe hakuna kilichoharibika. Mbona basi nilifika nyumbani nimevimba, nikamkaripia binti yangu kwa sababu ya kikombe? Kwa sababu tulipokuwa mbele 2-0 nilikuwa nimeshafuta ile 1 kichwani nikaandika 3. Nilikuwa nimeshaitumia.

Yaliyofuata unayajua. West Ham tulikuwa mbele 2-0 ndani ya dakika kumi, Saka akakosa penalti, 2-2. Southampton, timu iliyokuwa mkiani, 3-3, na bao la kwanza tulifungwa kabla dakika moja haijatimia. Kisha City 4-1. Tarehe 20 Mei Forest wakatufunga 1-0 na kombe likaenda. Zile mechi tisa zilitupa pointi 12 badala ya 20. Nane zilipotea, nane zilezile tulizokuwa juu.

Mechi ya Forest sikuitazama. Nilikuwa nimeapa nimeacha. Jezi nilimpa baharia wangu, daftari nikalitupa juu ya kabati. Lakini sikuwa nimeacha kitu, nilikuwa nimebadilisha mahali pa kuumia. Badala ya ukumbini nikawa naumia kwenye simu, peke yangu, nikisoma matokeo nyuma ya boti huku abiria wanasubiri. Huko ndiko kubaya zaidi. Ukumbini mtu akifungwa kuna wa kumpiga bega, kuna hata shabiki wa Man United wa kumtania, na utani ule nao ni dawa, kwa sababu kesho ni zamu yake. Kwenye simu hakuna mtu.

Agosti baharia akaja kazini na ile jezi. Inampwaya. Akaniuliza, "Nahodha, leo tunacheza saa ngapi?" Tunacheza. Nikamtajia saa, na jioni tukaenda pamoja.

Nilichobadilisha msimu ule wa 2023/24 ni kitu kimoja tu, na ndicho ninachokuomba ukijaribu kabla hujaiacha timu. Niliacha kuhesabu mbele. Matumaini sikuyaacha, na usimsikilize anayekwambia uyaache, maana bila hayo unakwenda ukumbini kufanya nini? Lakini matumaini ni ya mechi iliyoko mbele ya macho. Hesabu ni kukopa furaha ya mwezi wa tano ukaila mwezi wa nne, na deni lake watalipa watoto wako. Kwangu walikuwa wamefika mahali nikiingia mlangoni siku ya mechi wananyamaza kwanza, wananisoma uso. Mtoto wa miaka saba ananisoma uso kwa sababu ya Southampton.

Basi nikawa naangalia mechi, ikiisha imeisha. Jedwali silifungui hadi Jumatatu. Swala ikiingia naondoka, hata penalti iwe imewekwa. Hilo la mwisho lilikuwa gumu na mara mbili tatu nilishindwa.

Tarehe 14 Aprili 2024, siku chache baada ya Idi, Aston Villa walitufunga 2-0 nyumbani, mabao yote dakika za mwisho, Watkins na Bailey. Tangambili tena! Sikudanganyi, niliumia, miguu ilikuwa mizito kutoka ukumbini hadi kwangu. Mke wangu akaniuliza, "Mmefungwa?" Nikasema, "Naam, mbili." Akasema, "Pole." Tukala, tena mkate wa mofa kwa mchuzi wa samaki, na nikausikia utamu wake. Kwa mtu mwingine hili si kitu. Wewe unajua ni kitu.

Msimu ule tulifungwa na Villa, tukashinda zote sita zilizobaki, na siku ya mwisho, 19 Mei, ukumbini waliweka televisheni mbili, yetu na Everton na ya City na West Ham. Foden wa City alifunga mapema, mara mbili. Sisi tukapata bao la Havertz dakika ya 89, 2-1, na halikusaidia. City 91, sisi 89.

Hapo ndipo nilipolishusha daftari juu ya kabati, nikaandika kitu kimoja cha nyuma badala ya mbele. Kile kikosi cha 2003/04 kisichofungwa kilimaliza na pointi 90, kwa kushinda mechi 26. Sisi 2024 tulikuwa na 89, kwa kushinda 28. Pointi moja pungufu ya timu tunayoisimulia mpaka leo kama hadithi za mababu! Nimeudhika sana na watu wanaouita msimu ule wa kushindwa. Mimi niliuona, mechi kwa mechi, na ulikuwa mzuri. Kwamba mwingine alifanya vizuri zaidi yetu kwa pointi mbili hakuufanyi uwe mbaya.

Wa 2024/25 sitauongelea sana. Majeruhi, kadi nyekundu, Liverpool wakaenda zao, 84 kwa 74 zetu. Lakini usiku ule wa 8 Aprili, katika Ligi ya Mabingwa, Rice wetu alipopiga faulo mbili zikazunguka ukuta wa Real Madrid zikaingia, 3-0, kuna mzee wa miaka sabini alisimama juu ya benchi hapa Lamu. Paris walipotutoa nusu fainali nilikuwa bado nina ile picha.

Umeandika pia kwamba unaweka mkeka wa kamari juu ya Arsenal kila wiki. Acha leo. Hapo sina hadithi wala nasaha ndefu. Pesa ya nyumba ikishaingia, si mapenzi ya timu tena, na mkeo ana haki yote.

Na kitu kingine, tafuta timu inayokujua jina. Malindi mna uwanja wa Alaskan, vijana wanacheza jioni. Mimi timu ya mtaa wetu huwapeleka kwa boti wakicheza ugenini visiwani. Tukienda Faza lazima tupite mkondo wa Mkanda maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo mechi haingoji refa, inangoja maji. Safari moja tulikuwa nyuma 1-0, zimebaki dakika kumi, na mimi pembeni ya uwanja naangalia bahari inavyoanza kupwa, moyo unanidunda kwa mambo mawili. Tulisawazisha. Tukakimbia ufukweni na viatu mkononi, mfungaji nikamkalisha mbele karibu nami, na alikuwa analia. Kwa Saka siwezi kufanya hivyo.

Msimu huu mpya wa 2025/26 tunaanza Jumapili, 17 Agosti 2025, Old Trafford tena, mahali palepale pa 8-2. Mshambuliaji mpya, Gyökeres, amekuja, na ndiyo, nina matumaini, makubwa. Inaanza saa kumi na mbili unusu, na magharibi yetu inaingia muda uleule. Nimekwisha mwambia baharia anishikie nafasi kwenye benchi, mimi nitachelewa. Zile dakika za mwanzo atanisimulia.