Uzamili wangu wa siasa ulikwama mpaka niliporudi Kibosho

Wiki iliyopita, baada ya kuweka picha yangu ya joho, binti mmoja wa hapa Moshi alinitumia ujumbe: "Dada, nimemaliza digrii ya sayansi ya siasa, nataka kuunga masta. Nyumbani wanasema siasa ni ya wanaotaka ubunge. Nianzie wapi?" Nilimjibu kwa mistari miwili, kisha usingizi ukakataa. Ndilo swali nililozunguka nalo peke yangu, sina wa kuniambia ukweli.

Mdogo wangu, uzamili wa miaka miwili mimi nimeusoma minne.

Darasani sikupata shida. Kilichonikwamisha ni tasnifu. Nilikwenda na kichwa cha mistari mitatu: demokrasia ya vyama vingi, utawala bora na maendeleo katika Afrika Mashariki tangu 1992. Nilijiona nimefikiri makubwa. Nimesomea sekondari Arusha, mji wa Azimio la 1967 na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, nikaamini siasa ni mambo ya ukubwa huo tu. Msimamizi wangu alikaa na andiko lile miezi mitano. Liliporudi, kurasa 42 zilikuwa safi, ila ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu: "Swali liko wapi?" Nikaandika upya, likarudi na maneno yale yale. Mara ya tatu akasema kwenye semina, mbele ya wenzangu, kwamba wengine tungefaa zaidi kutangaza redioni.

Nilipanda basi la kurudi nyumbani nimejifunika mtandio usoni, na sikuufunua mpaka Same. Kuhusu swali alikuwa sahihi. Kunidhalilisha hakukuhitajika, na bado kunaniuma.

Mwaka uliofuata sikuandika kitu. Nilikuwa Kibosho, kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, namsaidia baba mdogo kahawa. Siku moja tulikwenda mkutano mkuu wa chama cha msingi, yaani chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa pale, wanachagua bodi. Mama mmoja jirani yetu alikuwa kwenye foleni ya kura, ameshika kadi iliyochakaa hadi kona zimekuwa za mviringo. Karani akaiangalia, akaitafuta namba kwenye daftari, akamwambia: "Mama, mwenye namba hii alishafariki." Yule mama akajibu kwamba kahawa ya namba hiyo aliileta yeye, wiki hiyo hiyo, kwa kichwa chake. Ikapokelewa, ikapimwa, ikaandikwa. Kura haikupokelewa. Akakunja kadi kwenye kanga, akasimama pembeni pamoja na wajane wengine.

Usiku ule niliandika swali kwa sentensi moja: wajane wanaouza kahawa kwa namba za waume waliofariki wana sauti gani katika uchaguzi wa chama chao? Msimamizi alilipitisha kwa siku nne.

Hapo ndipo ushauri wangu wote ulipo: punguza swali. Ukidhani umelipunguza, lipunguze tena. Usiogope kwamba litakuwa dogo mno kwa siasa. Langu lilinirudisha hadi 1925, wakulima wa mlimani walipounda chama chao cha kahawa, hadi KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ya 1933, hadi 1937 watu walipoinuka kupinga kulazimishwa kuuza kupitia kwake, hadi serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika 1976 na sheria ya 1982 ilipovirudisha. Watu wa huku walikuwa wanagombania nani aseme juu ya kahawa kabla TANU haijazaliwa. Yote hayo yalikuwa ndani ya kadi ya yule mama, na mimi nilikuwa nayatafuta kwenye vichwa vya mistari mitatu.

Jambo la pili ni kibali. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, inashuka kwa mtendaji wa kata, ndipo kijijini. Ianze mapema, toa nakala nyingi, na kila ofisi iingie kwa heshima hata kama umeambiwa urudi kesho mara tatu. Na kama unatafuta ufadhili, soma masharti kabla ya kujipa moyo: Chevening ya Uingereza, kwa mfano, inataka uwe na uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili. Usiunge masta kwa sababu tu ajira hazipo. Bila swali lako mwenyewe utachoka njiani, na ada haitakusubiri.

Nawaambia vijana wetu kila ninapopata nafasi: siasa haiko Dodoma peke yake. Iko kwenye daftari la karani, iko kwenye foleni. Punguzeni maswali, nendeni mkaangalie.

Nilihoji wajane 23, wengi kwa Kichagga, kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, huku mikono yao ikichuma. Kutoka Kichagga kwenda Kiswahili, kisha Kiingereza cha chuo, kulinimalizia miezi saba. Nikatetea, nikapita. Mtahini wa nje aliisifu sura ya nne, na nilipotoka mle chumbani nililia kwa furaha bila kujali nani ananiona.

Mwezi uliopita nilimpelekea yule mama nakala. Tuliketi jikoni kwake, nikamtafsiria ukurasa wenye maneno yake. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza jina lake liko wapi. Nikamweleza kwamba utaratibu wa utafiti unataka majina yafichwe, kwa usalama wao, kwa hiyo yeye ni Mshiriki Na. 7.

"Kumbe hata wewe umeniandika kwa namba," akasema, akainuka kuchochea moto.

Sikuwa na la kumjibu. Andiko la uzamivu ninaloandika sasa linaanzia jikoni pale, na mpaka leo lina ukurasa mmoja.