Kabla hujamimina nitrojeni kwenye kadi ya michoro

Wanaoanza kupoza kadi ya michoro, yaani kadi ya kompyuta inayotengeneza picha za skrini, kwa nitrojeni kimiminika ili iende kasi kuliko ilivyoundwa, huniuliza kwanza habari za kumimina: kiasi gani, hadi nyuzi ngapi. Kumimina utakuzoea. Kinachoua kadi ni maji.

Nitrojeni kimiminika huchemka kwenye nyuzi -196 za Selsiasi. Ukiitia kwenye chungu cha shaba kilichobanwa juu ya chipu, ubao unaokizunguka nao unapoa, na unyevu wa hewani unaganda juu yake kama unga mweupe. Ukiwa umeganda hauna madhara makubwa. Ogopa unapoyeyuka. Kadi yangu ya kwanza ilivumilia baridi vizuri kabisa. Nilipumzika, nikairudia, nikaiwasha bila kuikagua upande wa nyuma. Baadaye nilipobandua povu la kuzuia unyevu nililolifunga ovyo, nilikuta maji yametuama katikati ya kapasita mbili (vijipande vya kuhifadhi chaji), na ubao umeungua hapo. Iliniuma sana.

Kwa hiyo siku hizi natumia muda mwingi zaidi kuifunga kadi kuliko kuiendesha. Napaka mafuta mazito ya mgando pande zote mbili, nikiyasukuma kwa brashi mpaka chini ya kila kijipande, kisha nabandika povu lisilopitisha hewa. Mwanya wowote ukibaki, hewa itaingia na unyevu wake. Usisahau eneo la ubao mama, yaani ubao mkuu wa kompyuta, lililo karibu na sloti kadi inapochomekwa. Baridi husafiri kupitia shaba ya ubao.

Kadi kama RTX 4090 hula wati 450 kabla hujaigusa volteji, kwa hiyo mzigo ukianza chungu hupata joto ghafla. Mimina kidogo kidogo, jicho likiwa kwenye kipimajoto. Ukiona chungu kiko kwenye baridi ileile lakini kadi inakwama kwenye kasi iliyokuwa ikiimudu dakika chache nyuma, shuku pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya chipu na chungu: huenda imepasuka kwa baridi. Usiongeze volteji. Simamisha, ipake upya. Skrini nayo ikizima ghafla, usidhani kadi imekufa. Chipu nyingine hugoma zikipita kiwango fulani cha baridi, na hata mbili za muundo mmoja hutofautiana. Ipashe kidogo, ujaribu tena.

Na kuhusu uhai wako: lita 1 ya kimiminika hiki hutoa gesi karibu lita 700, isiyo na harufu wala rangi, nayo huifukuza oksijeni. Fungua madirisha, usifanye kazi peke yako, na kamwe usizibe mtungi kwa kifuniko kisichopumua, maana utalipuka. Vaa miwani ya kinga. Glavu za kitambaa ni mbaya kuliko mikono mitupu, kwa sababu hunyonya kimiminika na kukishikilia kwenye ngozi.

Ukimaliza, zima umeme, acha nitrojeni yote ichemke iishe, kisha pasha chungu joto taratibu mpaka kipite joto la chumba. Bandua povu, futa, puliza hewa, geuza kadi uitazame kwa tochi. Mimi huiacha mbele ya feni hadi kesho yake.